Dirisha Nililomfungia Bwana Mganga

Wajukuu zangu wa kliniki, siku ile mliponialika chai mliniuliza swali, nami nikajibu haraka na nikajibu vibaya. Mliuliza mfanye nini ili watu wanaokuja kunywa methadoni, ile dawa ya kuwaachisha heroini, wasipotee baada ya wiki mbili tatu. Nikasema, "Uvumilivu." Neema, mtoto wa binti yangu, akaliandika neno hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Neema, lifute. Uvumilivu nilikuwa nao tele, na bado nilimpoteza mgonjwa niliyemheshimu kuliko wote.

Sasa nimekaa hapa Mkuza, mguu umevimba na redio imeharibika, kwa hiyo nina nafasi ya kuwajibu sawasawa.

Nilianza unesi katika kituo cha afya kimoja huko Kisarawe. Jina lake sitalitaja, maana watoto wa wahusika wapo, na wengine nasali nao kanisa moja. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Nilipewa chumba cha sindano cha wagonjwa wa kifua kikuu. Enzi hizo mgonjwa alichomwa kila siku kwa miezi ya mwanzo, kisha akaendelea na vidonge mwaka mzima na zaidi. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kinapungua, mtu ananenepa, anajiona mzima, haji tena. Mnaona? Shida yenu naijua tangu hamjazaliwa.

Mimi dawa yake niliiona ni kalamu nyekundu. Asiyefika siku tatu nilimpigia mstari kwenye rejista na pembeni nikaandika "mtoro". Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijisikia kweli kweli. Mwisho wa mwezi nikampelekea rejista mganga wa kituo, Bwana Shomari Mkumba, nikitegemea sifa.

Bwana Shomari alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba mtu ilibidi anyamaze ndipo amsikie. Watu walimwita Bwana Mganga, hata mke wake, Bi Mwanahawa. Aliifungua ile rejista, akaweka kidole kwenye jina la kwanza lenye mstari mwekundu, akaniuliza huyu anakaa wapi. Sikujua. Ana watoto? Sikujua. Huyu wa pili anakuja kwa miguu au kwa baiskeli? Sikujua. Akauliza hivyo mpaka wa mwisho, hakupandisha sauti hata mara moja. Halafu akaichukua ile kalamu yangu na kuitia mfukoni mwake. Kwa miaka iliyofuata aliitumia kutia sahihi likizo zetu.

Tangu siku hiyo alinifundisha kazi upya. Akaanza na sindano zenyewe. Wakati huo hatukutupa sindano. Tulichemsha na kutumia tena, na baada ya wiki zinakuwa butu. Yeye alikuwa na kijiwe laini, kila mchana ananoa sindano moja moja, kisha anaivuta juu ya pamba. Ikinasa uzi, hairudi kazini. Aliniambia nusu ya watoro wangu walikuwa wanakimbia sindano butu na mimi nawaita wajinga. Nilipoanza kunoa, watu watatu waliokuwa wamekacha wakarudi bila kuitwa. Habari ya sindano isiyouma husafiri haraka kuliko tangazo la serikali.

Akanifundisha pia neno la kwanza la kumwambia anayechelewa. Mimi nilikuwa nauliza, "Jana ulikuwa wapi?" Yeye aliuliza, "Njiani kulikuwaje?" Mtu akiulizwa jana ulikuwa wapi, anatunga uongo. Akiulizwa njiani, anaeleza. Kwa swali hilo tuligundua kwamba wagonjwa wa kijiji kimoja hawafiki Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu hizo ndizo siku za shamba la kijiji, na mwenyekiti alikuwa akiwaandika wasioonekana. Mgonjwa akawa mtoro kwangu akienda shambani, na mtoro kwa mwenyekiti akija kwangu. Bwana Shomari akaenda kuzungumza na mwenyekiti, wakakubaliana wagonjwa wachomwe alfajiri kabla ya jembe. Mimi ndiye niliyetakiwa kuamka. Nilinung'unika, lakini chumba kilijaa.

Msidhani nilielewa mara moja. Kulikuwa na mzee mmoja nikimhimiza kila siku ale mayai na maziwa, kama kitabu kilivyosema. Siku moja akaja na kuku kwapani, akamweka mezani kwangu. Akasema, "Mwambie mwenyewe, nesi. Mimi hanisikii." Kituo kizima kilicheka wiki nzima, na mimi nikaanza kuuliza watu nyumbani kuna nini kabla ya kuwaambia wale nini.

Hayo yote alinifundisha yeye. Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma mpaka leo.

Masika moja Landrova ya kituo ilipinduka kwenye utelezi, Bwana Shomari akiwa ndani. Mfupa wa paja ulivunjika vibaya. Alikaa mjini hospitalini miezi, akapasuliwa zaidi ya mara moja, na muda wote huo akichomwa pethidini kutuliza maumivu. Ninyi mnajua pethidini ni ya jamii moja na heroini. Sisi tulijua ni dawa nzuri tu. Aliporudi alikuwa anatembelea mkongojo, amekonda, lakini akanoa sindano kama kawaida, tukashukuru Mungu.

Ufunguo wa kabati la dawa za kufuli alikuwa nao yeye, kama mganga wa kituo. Sikuwaza lolote. Nilimwona mara nyingine anatokwa na jasho asubuhi ya baridi na kupiga miayo mfululizo, nikasema mguu ulimnyima usingizi. Nilimwona baada ya nusu saa ametulia, macho mazito, nikasema amepumzika.

Siku moja walikuja watu kutoka shambani wakimleta mama aliyeungua maji ya moto, kifua na mkono wote. Alikuwa analia kwa namna ambayo sijaisahau. Bwana Shomari alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi hivi, nikamfuata kuchukua ufunguo. Akaniangalia, akaniambia nimpeleke yule mama hospitali ya wilaya sasa hivi, hapa hakuna dawa. Nikasema kitabuni ipo, nimeiona juzi, vichupa vinne. Akakaa chini kwenye kizingiti cha mlango wake, polepole, kwa sababu ya mguu.

"Debora," akasema, "ni mimi."

Yule mama tulimpeleka wilayani akilia njia nzima. Alipona, na makovu. Lakini safari ile niliifanya nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa binadamu yeyote.

Daktari aliyekuwa akizungukia vituo vyetu, Daktari Ngowi, alikuja kesho yake, akaelezwa. Alikuwa kijana kama ninyi, mkali na msomi. Aliandika taarifa kwa wakubwa, Bwana Shomari akavuliwa ukuu wa kituo, funguo tukakabidhiwa mimi na mkunga wetu, mmoja mmoja, ili kabati lisifunguke bila wawili. Halafu daktari akafanya jambo ambalo wakati ule wengi wasingelifanya. Alisema huyu ni mgonjwa na atatibiwa. Akaagiza dawa ya maji, ya jamii ile ile ya pethidini lakini ya kunywa, kipimo kinachomtuliza bila kumlewesha, ambacho daktari mwenyewe angekishusha polepole. Kila asubuhi mgonjwa anywe mbele ya nesi. Kliniki kama yenu haikuwepo, hata jina la kazi hiyo hatukuwa nalo. Nesi akawa mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa nimefundishwa na mtu mwenyewe jinsi ya kumshika mgonjwa asipotee, na yeye ndiye aliyekaa mbele yangu. Nilifanya nini? Nilimwambia dirisha linafunguliwa saa moja na linafungwa saa moja na nusu. Nilimpanga foleni moja na wagonjwa wa kifua kikuu, akanywe pale pale dirishani. Akishameza nilimwambia afungue mdomo. Mkoba wake niliukagua. Alipojaribu kunisalimia kwa utani wetu wa zamani, nilijibu salamu na kurudi kwenye rejista. Yote hayo niliyaita kufuata utaratibu, kumbe nilikuwa namlipiza kilio cha yule mama.

Alivumilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Niliangalia saa ya ukutani, ikafika na nusu, nikafunga dirisha. Nilikuwa bado nimeshika komeo nilipomsikia nje anahema, na mkongojo wake ukigonga sakafu ya baraza. Akabisha mara moja, kwa adabu. Nikasema kutoka ndani, "Muda umekwisha, Bwana Shomari. Kesho." Hakubisha tena. Nilisikia mkongojo ukienda zake.

Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja. Nilijiambia ataona mwenyewe. Siku ya nne nikafungua rejista, na mkono wangu, kwa mwandiko wangu mzuri, ukaandika pembeni mwa jina lake "mtoro". Nililiangalia lile neno likiwa bichi. Nilivua aproni, nikamwachia mkunga dirisha, nikaenda kwa Bi Mwanahawa.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Aliniambia mume wake amekwenda Mlandizi kwa mdogo wake, na kwamba aliporudi ile siku ya mvua alikuwa amelowa na tope mpaka kiunoni, kwa sababu alianguka mara mbili njiani akija kwangu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Daktari aliponiruhusu nilipanda basi la Kisarawe mpaka mjini, nikabadilisha la kwenda njia ya Morogoro, nikashuka Mlandizi jua likiwa kali. Nilikuwa nimevaa sare. Hilo lilikuwa kosa jingine, maana watoto wa mtaa mzima waliponiona walikimbilia vichakani wakidhani nimekuja na chanjo, na mtu wa kumwuliza njia akawa hapatikani. Mwishowe bibi mmoja muuza mihogo akanielekeza nyumba ya mdogo wake Bwana Shomari.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, amejifunika shuka mbili mchana ule, na bado anatetemeka. Pua na macho vinachuruzika. Alikuwa hajala. Mwili ulikuwa unadai dawa, hali ambayo ninyi mnaiita arosto. Mdogo wake aliniambia siku mbili za mwanzo alikuwa akichomwa na mtu mmoja wa mtaani mwenye bomba lake la sindano, halafu yule mtu akatoweka.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwenye basi. Kuhusu mke wake, kuhusu Mungu, kuhusu wagonjwa wanaomtegemea. Yote yakanitoka kichwani. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Shikamoo, Bwana Mganga."

Akaitikia, "Marahaba."

"Siku ile ya mvua," nikamwambia, "njiani kulikuwaje?"

Alifunga macho. Kisha akaeleza, kwa sauti yake ile ya chini, na mimi nikainama ili nisikie. Akasema kutoka kwake kuja kituoni ni dakika kumi kwa mtu mwenye miguu miwili, lakini tope likiwepo inamchukua karibu saa nzima, maana anazunguka mteremko. Akasema tope si neno. Kinachomshinda ni foleni. Wale watu wote aliwachoma sindano kwa mikono yake, wengine aliwafuata mpaka vijijini. Sasa wanasimama nyuma yake wakimwangalia akifungua mdomo kama mtoto. Halafu akasema kipimo nacho kilikuwa kinashuka haraka mno, ikifika saa kumi jioni mwili unaanza kumdai, na hakuthubutu kuniambia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema.

Hilo, wajukuu zangu, ndilo jibu la swali lenu. Ningeweza kuishia hapa. Lakini najua mnapenda mambo ya kufanya, kwa hiyo nawaeleza tulivyofanya.

Tulirudi Kisarawe siku iliyofuata, yeye, mimi na mdogo wake akimshika. Daktari hakumrudishia kipimo cha zamani moja kwa moja. Alianza chini akapandisha kidogo kidogo, kwa sababu mwili uliokaa bila dawa husahau, na kipimo cha jana kinaweza kumuua mtu leo. Hilo mnalijua, ila nasema tena. Alipanda mpaka mgonjwa mwenyewe aliposema sasa nalala usiku. Baada ya hapo hapakushushwa kitu bila yeye kukubali.

Dirisha nililiacha. Nilimpokea kwa mlango wa nyuma, chumba cha kuchemshia sindano, kwenye kiti. Muda ukawa wowote kabla ya adhuhuri. Dawa anainywa mbele yangu, hilo halikubadilika, lakini tunakaa, tunazungumza, na maneno yenyewe yanaonyesha kwamba ameimeza. Asipoonekana mpaka adhuhuri, sikungoja siku ya tatu. Siku ile ile nilikwenda au nilimtuma mkunga, na tukifika hatukuuliza kitu ila hali. Bi Mwanahawa nilimweleza ugonjwa ulivyo, maana yeye alidhani ni ulevi na alikuwa akimfungia mlango.

Aliteleza mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia mwenyewe kabla hajakaa, na ndipo nilipojua tumefika mahali pazuri. Mtu akikuambia ameteleza, hajapotea. Anayepotea ni yule anayeogopa uso wako. Kwa hiyo uangalieni uso wenu. Na nilimsikia mmoja wenu pale kaunta akisema, "Teja wangu wa saa mbili hajafika." Alisema kwa upendo, nimeona. Lakini wa saa mbili na robo alikuwa amesimama pale na alisikia.

Ufunguo wa kabati hakurudishiwa, na hakuuomba. Baada ya miezi kadhaa alirudi chumba cha sindano kama msaidizi wangu. Fikirini hilo, mimi kumpa kazi Bwana Shomari. Alinoa sindano na kuwafuata wagonjwa waliopotea, na hakuna aliyemkatalia, maana mtu akimwona yule mzee na mkongojo wake amepanda kilima kizima kuja kumwuliza hali, anaona aibu kubaki nyumbani. Yule mama aliyeungua naye alikuja siku moja kwa mambo ya mtoto wake. Bwana Shomari alimwomba msamaha waziwazi, mbele yangu. Mama akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na Bwana Shomari hakumlazimisha.

Daktari Ngowi alikuwa na haraka. Kila alipozunguka aliniuliza dawa itaisha lini. Alikuwa na tarehe kichwani mwake. Safari moja alimwambia Bwana Shomari uso kwa uso kwamba sasa umepita mwaka, tuimalize.

Bwana Shomari alimwuliza, "Daktari, unataka nipone au unataka kumaliza?"

Daktari alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akavuta kiti. Tangu siku hiyo hakutaja tarehe, na baadaye alikuja kuwa daktari mzuri sana.

Miaka ile ilikuwa migumu, mnajua. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, mara nyingine nilifua bandeji kwa majani ya mpapai. Lakini ile dawa tuliipigania isikosekane hata siku moja, mkunga na mimi tukiifuata wenyewe wilayani gari lisipokuja. Mgonjwa akifika mara moja akakuta hakuna, amekwishajua kwamba si lazima afike.

Alikunywa kwa zaidi ya miaka miwili, kipimo kikishuka kwa mwendo wake, mpaka kikawa kidogo hata mimi nilikuwa naona haya kukipima. Asubuhi moja alikuja kwa mlango wa nyuma kama siku zote, akakaa kwenye kiti chake. Tulizungumza habari za mahindi na harusi ya binti yake. Kisha akachukua mkongojo wake, akaaga, akatoka. Nilipogeuka nikakiona kikombe mezani, kimejaa. Nilikishika nikamkimbilia mpaka nje, nikamwambia amesahau dawa.

"Sikusahau," akasema. "Leo nimekuja kukusalimia tu."

Nikamwambia basi kesho pia aje kunisalimia. Akaja.